Mwanafunzi Anapoalikwa Kuongoza

(Haya ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu nchini.)

Kila mwaka masomo yanapoanza, sura ya chuo kikuu hubadilika kwa muda wa wiki mbili tatu. Chini ya miti na kando ya njia za kuelekea maktaba huwekwa meza, na nyuma ya kila meza husimama vijana wanaowaita wenzao waliofika jana kutoka Sumbawanga, Newala, Bukoba na Pemba. Mmoja huwaita waingie katika timu ya mpira, mwingine katika kwaya, mwingine katika chama cha fani yao. Miongoni mwa meza hizo ipo moja ambayo humvuta mgeni kuliko nyingine, kwa sababu juu yake pametajwa mataifa zaidi ya mia moja, safari za ng'ambo, na uongozi. Hiyo ni meza ya chama cha kimataifa cha wanafunzi.

Kijana aliyefika jana hupewa fomu. Husimama nayo mkononi, akafikiri. Nyumbani kwao huenda ng'ombe ameuzwa, au korosho za msimu mzima zimetolewa, ili yeye apate nauli, godoro na fedha ya kuanzia maisha. Kijiji kizima kinajua kwamba mtoto wa fulani yuko chuo kikuu. Na sasa, kabla hajajua hata mlango wa darasa lake, anaambiwa kwamba anaweza kuwa kiongozi wa kimataifa.

Swali lililo mbele ya kijana huyo si dogo kama linavyoonekana. Wapo wazee watakaomwambia kwamba alikwenda kusoma, na kwamba vyama ni njia ya kupoteza wakati. Wapo wenzake watakaomwambia kwamba bila cheti cha uongozi wa kimataifa hatapata kazi. Kauli zote mbili zina ukweli kidogo na upungufu mwingi. Jibu lililo sahihi ni kwamba kijana na ajiunge, maana chuo kikuu hakikuwekwa ili kufundisha vitabu peke yake. Lakini kabla ya kutia sahihi, na aulize maswali matatu. Je, chama hiki kiliundwa na nani, na kwa haja gani? Je, gharama zake hulipwa na nani? Na je, uongozi unaopatikana humo utamfaa nani?

CHIMBUKO LAKE

Swali la kwanza lina jibu la kutia moyo. Vita Kuu ya Pili ilipomalizika mwaka 1945, sehemu kubwa ya Ulaya ilikuwa magofu. Vijana walirudi madarasani kutoka vitani, kutoka mafichoni na kutoka katika makambi ya wafungwa, na wengi wao walikuwa wamefundishwa kwa miaka kadhaa kwamba jirani yao ni adui. Mwaka 1948 wanafunzi wa nchi saba, yaani Ubelgiji, Denmark, Finland, Ufaransa, Uholanzi, Norway na Sweden, waliunda chama kilichojulikana kwa herufi za mwanzo za jina lake la Kifaransa, AIESEC, maana yake Chama cha Kimataifa cha Wanafunzi wa Sayansi ya Uchumi na Biashara.

Inafaa kukumbuka hali ya nchi hizo saba. Tano kati yake zilikuwa zimevamiwa na kukaliwa na majeshi ya Hitler. Finland ilikuwa imepigana bega kwa bega na Wajerumani dhidi ya Warusi, na baadaye ikawageukia Wajerumani hao hao. Sweden haikuingia vitani kabisa. Watoto wa mataifa yaliyopita njia mbalimbali kiasi hicho waliketi meza moja miaka mitatu tu baada ya mizinga kunyamaza. Hawakuanza kwa kuandika maazimio marefu juu ya amani. Walianza na kazi inayoweza kuhesabiwa: kila upande utafute nafasi za mafunzo ya kazi katika makampuni na ofisi za nchi yake, umpokee mwanafunzi wa nchi nyingine, na wa kwake apokelewe huko.

Msingi wa kazi hiyo ulikuwa kubadilishana, na kubadilishana kuna adabu yake. Anayetaka mwenzake apokelewe vizuri ugenini hana budi kumpokea vizuri mgeni aliye kwake. Kamati ya wanafunzi ilipaswa kwenda kwa meneja wa kampuni na kumwomba nafasi, kumtafutia mgeni chumba, kumlaki kituoni, kumwonyesha duka na hospitali, na kumsikiliza alipolemewa na upweke. Mzee aliyesema kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, alikuwa ametamka kanuni ya chama hiki kabla hakijazaliwa. Mgeni hakuja kutazama. Alikuja kufanya kazi pamoja na wenyeji.

Tangu hapo chama hicho kimeenea katika nchi zaidi ya mia moja, Tanzania ikiwa mojawapo, na hakiwachukui tena wanafunzi wa uchumi na biashara peke yao. Jambo moja halikubadilika: kazi hufanywa na vijana wenyewe, na uongozi hushikwa kwa kipindi kifupi, kwa kawaida mwaka mmoja, kisha hukabidhiwa kwa wengine. Hili ni jambo kubwa kuliko safari. Kijana wa miaka ishirini na moja anapewa kamati, anapewa hesabu, anapewa jina la watu wenzake alitunze, na baada ya miezi kumi na miwili anaondoka kitini bila kulazimishwa. Wapo watu wazima ambao hawajawahi kujifunza kuondoka kitini.

MFANO WA MTU MMOJA

Miongoni mwa waliopita katika chama hicho yumo mtu ambaye historia yake inagusa Dar es Salaam. Martti Ahtisaari alizaliwa mwaka 1937 katika mji wa Viipuri, uliokuwa wa Finland kabla haujatwaliwa na Urusi katika vita. Aliyajua maisha ya ukimbizi akiwa mtoto mdogo. Alisomea ualimu, akaenda Karachi, Pakistan, mwaka 1960 kufanya kazi katika chuo cha mafunzo ya viungo, na aliporudi kwao mwaka 1963 alijiingiza katika kazi za vyama vya kusaidiana na nchi zinazoendelea, AIESEC ikiwa mojawapo. Mwaka 1965 aliingia katika wizara ya mambo ya nje.

Mwaka 1973 mtu huyo aliteuliwa kuwa balozi wa Finland nchini Tanzania. Wakati ule Dar es Salaam ilikuwa makao ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Balozi aliyekuwa tayari kusikiliza alipata mengi ya kusikia, na miongoni mwa aliowafahamu walikuwamo watu wa SWAPO. Mwaka 1977 aliteuliwa kuwa Kamishna wa Umoja wa Mataifa kwa ajili ya Namibia. Zaidi ya miaka kumi ilipita kabla kazi hiyo haijazaa matunda. Mwaka 1989 aliongoza kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichosimamia uchaguzi wa Namibia, na tarehe 21 Machi 1990 nchi hiyo ikawa huru. Baadaye alikuwa Rais wa nchi yake tangu 1994 hadi 2000, akapata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2008, na akafariki dunia mwaka 2023.

Itakuwa kosa kusema kwamba fomu ya chama ndiyo iliyomfanya hivyo. Wengi walitia sahihi fomu kama hiyo na majina yao hayakumbukwi popote. Chama cha wanafunzi humpa kijana uwanja wa mazoezi, basi. Humzoesha kukaa na mtu asiyefanana naye, kumsikiliza hadi mwisho, na kutafuta jambo dogo ambalo wote wawili wanaweza kulifanya kesho. Mazoezi hayo, yakimkuta mtu mwenye subira, yanaweza kufaa taifa ambalo wakati ule halikuwa hata na bendera yake.

FUNDISHO LA 1967

Swali la pili, lile la gharama, lina historia isiyopendeza sana, na kila mwanafunzi anayeingia katika chama cha kimataifa anapaswa kuijua.

Mwaka 1946 uliundwa mjini Praha Umoja wa Kimataifa wa Wanafunzi. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuwaunganisha wanafunzi wa dunia nzima baada ya vita. Haukupita muda mrefu kabla umoja huo haujaelemea upande wa Urusi na washirika wake. Mwaka 1950 vyama vya wanafunzi vya nchi za Magharibi vikaanzisha mkutano wao wa kimataifa, ambao ofisi yake ilikuja kuwekwa Leiden, Uholanzi. Dunia ya wanafunzi ikagawanyika kama ilivyogawanyika dunia ya wakubwa. Wanafunzi wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini walibembelezwa na pande zote mbili. Walipewa tiketi, walilipiwa hoteli, na walipigiwa makofi waliposema maneno yaliyowapendeza wenyeji wao.

Mapema mwaka 1967 gazeti moja la Marekani, Ramparts, lilitoboa siri. Lilieleza kwamba chama cha taifa cha wanafunzi wa Marekani kilikuwa kwa miaka mingi kikipokea fedha za shirika la ujasusi la nchi hiyo, CIA, kupitia mifuko iliyojifanya kuwa ya hisani. Fedha za namna hiyo ndizo pia zilizokuwa zikiubeba mkutano wa Leiden. Viongozi wachache walijua na waliapishwa kutunza siri. Wanachama walio wengi hawakujua lolote. Walikuwa wakijadiliana kwa moyo safi juu ya uhuru wa masomo na ubaguzi wa rangi, huku taarifa juu ya watu waliokutana nao zikipelekwa mahali wasipopajua. Mkutano huo haukupona. Mwaka 1969 ulikuwa umekwisha. Nao umoja wa Praha uliokuwa ukitegemea upande wa pili ulidhoofika pale serikali zilizokuwa zikiutegemeza zilipoanguka kuanzia mwaka 1989.

Historia hii haitajwi hapa ili kuvitia doa vyama vya leo, wala AIESEC haikuwa sehemu ya mkasa huo. Inatajwa kwa sababu inaonyesha kwamba mwanachama mwema, mwenye nia njema, anaweza kutumika bila kujua, endapo hana mazoea ya kuuliza. Wahenga walisema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Ukumbi ukipambwa, chakula kikiletwa, fulana zikigawiwa bure, yupo aliyelipa. Huenda amelipa kwa wema. Huenda ni kampuni inayotaka jina lake lionekane kifuani mwa vijana, au inayotaka kuwachagua walio hodari kabla wengine hawajawaona. Hilo si dhambi. Lakini mwanachama ana haki ya kulijua, na kiongozi ana wajibu wa kulisema mbele ya mkutano bila kuombwa mara mbili.

Kwa hiyo basi, dalili ya kwanza ya chama kizuri ni daftari la hesabu lililo wazi, na wingi wa bendera ukutani hauwezi kuwa badala yake. Mweka hazina anaposimama na kusoma mapato, matumizi na salio, na mwanachama wa mwaka wa kwanza anaporuhusiwa kuuliza kwa nini nauli ya mwezi uliopita ilikuwa kubwa, hapo ndipo uongozi unapofundishwa. Kijana aliyezoea kutoa hesabu ya fedha ya chumba cha mgeni mmoja atakuwa amejifunza jambo atakalolihitaji siku atakapokabidhiwa fedha ya dawa za wilaya nzima. Na yule aliyezoea kusema kwamba risiti zimepotea atakuwa naye amejifunza.

UMATAIFA WA MLIMANI

Lipo kosa jingine ambalo hutokea mara nyingi, nalo ni kudhani kwamba umataifa unaanzia uwanja wa ndege. Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inaonyesha vingine.

Chuo hicho kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kukatwa sehemu ya mishahara yao. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akawajibu kwa hasira, akaupunguza mshahara wake mwenyewe, na wanafunzi zaidi ya mia tatu wakarudishwa makwao. Wengi wao walirejeshwa masomoni baadaye. Jambo lililobishaniwa siku ile lilikuwa ni hili hili la leo: msomi ni mdai wa nani, na ni mdaiwa wa nani?

Mwaka 1967 wanafunzi wa pale pale Mlimani waliunda chama kilichojulikana kwa herufi USARF, yaani umoja wa kimapinduzi wa wanafunzi wa Afrika chuoni. Kilikuwa cha kimataifa kwa maana halisi ya neno hilo, kwa kuwa wanachama wake walitoka Tanzania, Uganda, Kenya, Malawi, Sudan na kwingineko. Mwenyekiti wake alikuwa kijana wa Uganda, Yoweri Museveni. Humo alipita pia John Garang wa Sudan. Hawakuwa na fedha za kujivunia. Walikuwa na madarasa ya siku za Jumapili ambamo walisoma na kubishana, walikuwa na walimu waliowaunga mkono kama Walter Rodney wa Guyana, na kuanzia mwaka 1969 walikuwa na jarida lao, Cheche, walilolitoa kwa jasho lao wenyewe. Mwaka 1968 baadhi yao walikwenda hadi katika maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO kaskazini mwa Msumbiji, wakajionea wenyewe namna wakulima walivyokuwa wakijitawala chini ya mabomu.

Novemba 1970 chama hicho na jarida lake vilipigwa marufuku, na mjadala juu ya uamuzi ule haujaisha hadi leo. Museveni alishika uongozi wa Uganda mwaka 1986. Garang aliongoza mapambano ya Sudan ya Kusini tangu 1983 hadi alipofariki dunia katika ajali ya helikopta mwaka 2005. Waliobaki katika ualimu na uandishi walikuwa wengi kuliko walioshika madaraka. Wasomaji wanaweza kutofautiana juu ya yale waliyoyafanya watu hao baadaye. Lakini hakuna awezaye kukana kwamba darasa la Jumapili, lisilo na tiketi wala hoteli, liliwafanya vijana wa nchi nyingi wajuane na waijue Afrika kuliko mikutano mingi ya kifahari iliyofanyika wakati huo huo.

Fundisho lake kwa mwanachama wa leo ni jepesi. Kabla hajatamani kuwajua vijana wa Brazil au wa India, na amjue Mrundi anayelala chumba cha pili. Na amtembelee mwenzake wa Nairobi, Kampala au Kigali, kwani Mtanzania hahitaji viza kwenda huko na basi lipo kila siku. Umataifa wa jirani hauna picha nzuri za kupeleka nyumbani, lakini ndio wenye kazi nyingi.

NANI HUSAFIRI, NANI HUBAKI

Hapo ndipo linapoingia swali la tatu, ambalo ni zito kuliko yote.

Chama kinaweza kusema kwa dhati kwamba milango yake iko wazi kwa wote. Lakini mlango ulio wazi haumfai mtu asiyeweza kuufikia. Safari ya mafunzo ya kazi ng'ambo huhitaji ada, tiketi ya ndege, bima, na viza. Mwanafunzi wa Ulaya anayekuja Arusha kufundisha kwa majuma sita hupata viza yake bila taabu kubwa. Mwanafunzi wa Arusha anayetaka kwenda Ulaya kwa majuma sita hutakiwa kuonyesha kwamba ana fedha za kutosha benki na kwamba hakika atarudi. Matokeo yake yanajulikana: upande mmoja husafiri, upande mwingine hupokea. Kubadilishana, ambako ndiko kulikokuwa msingi wa mwaka 1948, hugeuka kuwa ukarimu wa upande mmoja.

Hali hii haiondolewi kwa kulalamika, wala kwa kijana kuuza godoro. Mwanafunzi anayeishi kwa mkopo wa serikali hana ruhusa ya nafsi yake kuugeuza mkopo huo kuwa tiketi. Fedha ile ni ya chakula, vitabu na chumba, na ataidaiwa hadi shilingi ya mwisho. Njia ya heshima ni kwa chama chenyewe kulikabili jambo hili katika mkutano. Mgeni anapopokelewa, na iulizwe mwenyeji gani atapokelewa kwa zamu yake, na kwa gharama ya nani. Kampuni inayotoa fedha za mapambo ya ukumbi inaweza kuombwa itoe nauli ya mwanachama mmoja asiye na uwezo. Uchaguzi wa atakayekwenda ufanywe kwa kazi aliyoifanya mtu, si kwa mfuko wa baba yake. Mkutano wa kimataifa unapoitishwa, wajumbe wa Afrika wasione haya kuliweka jambo hili la kwanza katika ajenda.

Vile vile wageni wenyewe watazamwe kwa jicho la haki. Mgeni anayepelekwa shule ya msingi huko kijijini kwa majuma sita hupigwa picha na watoto, huimba nao, kisha huondoka. Mwalimu wa shule hiyo hubaki na wanafunzi mia katika chumba kimoja. Je, mwalimu huyo aliulizwa ni msaada gani aliouhitaji? Je, mgeni aliacha kitu, au aliondoka nacho? Kamati ya wanafunzi inayomwuliza mwalimu kwanza, kisha ikamtafutia mgeni anayeweza kazi hiyo, imefanya uongozi. Inayompeleka mgeni popote palipo na watoto wanaotabasamu imefanya biashara ya utalii, na haiwafanyii haki wenyeji wala mgeni.

KIPIMO

Kipo kipimo kimoja ambacho mwanachama anaweza kujipimia mwenyewe bila kungoja mtu wa kumsahihisha. Atakaporudi nyumbani likizo, na jioni wazee wakamwuliza chuoni anafanya nini zaidi ya masomo, na awaeleze kwa Kiswahili, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukimbilia maneno ya kigeni. Na aseme: kuna chama cha vijana wa mataifa mengi, kazi yangu mwaka huu ilikuwa kumtafutia mgeni mahali pa kufanya kazi na mahali pa kulala, nilikataliwa mara saba, mara ya nane nilikubaliwa, fedha iliyopita mikononi mwangu ilikuwa kiasi hiki, na hesabu yake ni hii. Bibi yake ataelewa. Huenda akauliza swali ambalo hata mkutano mkuu haukuliuliza.

Lakini kijana akijikuta hawezi kuieleza kazi yake isipokuwa kwa kurudia maneno makubwa aliyoyasikia semina, ajue kwamba bado hajaielewa, au kwamba hakuna kazi. Kasumba ya zamani ilikuwa ya msomi aliyerudi kijijini akiona haya kushika jembe. Kasumba mpya ni ya msomi anayejiita kiongozi wa dunia na hawezi kuongoza kikao cha watu wanane kikaanza kwa wakati na kikaisha na uamuzi.

Tena, masomo yasisahaulike. Kazi za kamati hula usiku, na usiku una mwisho. Kijana achukue dhamana moja na aitimize, kuliko kuchukua tano na kuziacha njiani. Kijiji kilichouza korosho hakitapokea cheti cha uongozi badala ya shahada. Mwanachama anayefeli mitihani kwa sababu ya mikutano amewaangusha waliomtuma na amekipa chama chake jina baya.

Ndugu wanafunzi,

Wanafunzi wa mwaka 1948 hawakuwa na jambo la ajabu zaidi ya wale wa leo. Walikuwa na njaa, walikuwa na deni la vita ambavyo hawakuvianzisha, na walikuwa na sababu nyingi za kukaa kila mtu kwao. Waliamua kupokeana. Uamuzi huo bado unafaa, na Afrika, yenye mipaka iliyochorwa na wengine, inauhitaji labda kuliko Ulaya ilivyouhitaji.

Kwa hiyo kijana aliyesimama mbele ya meza na fomu mkononi asiirudishe kwa woga, wala asiijaze kwa pupa. Na aombe kwanza kuonyeshwa katiba ya chama. Aulize hesabu ya mwaka uliopita ilisomwa lini, na mbele ya nani. Aulize ni wanachama wangapi waliotoka katika familia za wakulima waliokwisha kupata nafasi ya kusafiri. Aulize mwalimu wa shule ile ya kijijini alisema nini. Ikiwa wenye meza watamjibu kwa utulivu, na atie sahihi, ajiunge, na aanze kazi wiki hiyo hiyo. Ikiwa watamcheka, bado anaweza kujiunga; kwani chama ambacho hakuna anayeuliza ndani yake kina haja kubwa ya mwanachama mmoja atakayeanza kuuliza.